Chupa ya Saba

Devoran, mwezi wa pili. Maji yamekupwa,
hori limebaki tope tupu,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Nimevaa mabuti ya Loveday Tregenza, yanipwaya,
nakwangua jiwe kwa mswaki wa meno
naye yuko ukingoni na mbwa wake, anapaza sauti:
"Unawaona?"
Siwaoni. Ni utelezi tu,
ule unaoangusha watoto na kulaaniwa.

Chini ya hadubini utelezi ni mji.
Mwani hawa hujenga nyumba za kioo,
kila moja na nakshi zake, mistari kwa mistari,
kama kawa iliyosukwa na mtu asiye na haraka.
Kwenye maji safi nyumba hunyooka, punje ya mchele.
Za hapa zimepinda.
Moja imebanwa kiuno, moja imevimba ubavu,
moja imekunjwa katikati
kama barua ambayo mwandishi alighairi.
Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga,
wasiseme mkono wa kukunja ni wa nani.
Huku ni wa zinki, wa kadimi, wa shaba:
huwavizia saa ile ya kugawanyika,
ukuta ungali laini.

Na risasi.
Kwa lugha yangu neno ni hilo hilo,
ya bunduki na ya bomba la maji.
Nilipomweleza Loveday alinyamaza,
kisha akasema babu yake Hannibal
alichimba bati miaka thelathini na minne,
hakuna aliyempiga risasi,
ila usiku alikohoa kama aliyepigwa.

Penryn, maabarani, chupa tisa dirishani.
Ya kwanza haina shaba. Ya pili ina tone.
Naongeza, naandika, naongeza.
Najua kinachotokea humo.
Ndani ya umbijani kuna kiti kimoja,
katikati kabisa, na mwenye kiti ni magnesi,
mpole, kazi yake kulipokea jua.
Shaba hupiga hodi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
lakini mgeni huyu siku ya kwanza yuko kitini,
siku ya pili mwenyeji yuko nje,
na siku ya tatu ukimpa jembe
hajui kulima mwanga.
Rangi haiondoki. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.
Kijani kipo, jua linaingia dirishani,
na jikoni hapapikwi kitu.

Wale wa kununuliwa, waliolelewa kwa maji ya chupa,
walikwisha kufikia ya nne.
Wa hori nikawafuata hadi ya tano, ya sita.
Katika ya saba, Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
nikitaka kofia na koti niondoke,
mmoja alitambaa.
Mpindifu. Polepole, akigusa ukingo wa kioo.
Alikuwa amesokota kamba za protini,
akaifunga shaba, akaisukumia pembeni
kama unavyomfungia chumbani ndugu mlevi
wageni wasimwone.

Kesho yake nikarudisha mabuti
na hadubini ndogo kwenye mfuko wa soko.
Loveday alisogeza sahani, akavua miwani,
akatazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo.
"Basi wamezoea," akasema.
Nikamwambia kamba zinakula chakula chote:
wenzao wakizaa leo, hawa labda keshokutwa.
Hakuinua kichwa.
"Huyu aliyepinda," akauliza, "anakohoa?"

Nilicheka, halafu nikaacha.
Daftari langu lilikuwa wazi mezani:
*saba, hai*,
na mbele yake nafasi ya maelezo,
ambayo bado sijaijaza.
Chini ya meza mbwa alikuwa anajilamba
tope jekundu miguuni, kidole kwa kidole.
Tulimwona pamoja.
Loveday ndiye aliyeinuka kuleta taulo.